Povu la Mshai

Tumemzika Mama Agnesi juzi, kwenye mteremko nyuma ya nyumba yake, na mvua ilikuwa ile nyembamba ya huku kwetu, unaidharau asubuhi na mchana unakuta koti limelowa mpaka bitana. Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo nilisimama kando wakati watu wa kanisa wanaimba, nikangoja zamu ya kutupa udongo, nikatupa, nikaanza kuondoka. Mjukuu wake mmoja akanifuata mpaka kwenye migomba. "Shikamoo babu. Ati wewe ndiye yule wa povu?" Nikamjibu marahaba, povu gani. Akasema bibi yake alikuwa na hadithi ya kijana wa Kimbugu aliyekaribia kumfukuzisha kazi kwa povu, na kila akiisimulia watoto walikuwa wanavunjika mbavu. Mwenyewe akacheka. Mimi sikucheka. Nimerudi nyumbani nikaona bora niiandike mwenyewe jinsi ilivyokuwa, maana nimegundua imebakia sehemu ya kuchekesha tu. Kalamu si kazi yangu. Shule niliiachia darasa la tatu, na nilicho nacho leo, ng'ombe kumi na wanane, duka la mtindi pale Lushoto mjini, gari la kubebea, sikupewa na mtu. Anayetaka Kiswahili kizuri akatafute kwingine. Hapa atapata mambo yalivyotokea.

Nilikuwa na miaka ishirini. Kazi yangu ilikuwa kuosha keni, yale madebe ya maziwa yenye mfuniko, kwenye kiwanda kidogo cha maziwa, juu kidogo ya Magamba, ambapo msitu unaanzia. Jina la kiwanda halina maana, kilishafungwa zamani na mabati yake yako kwenye nyumba za watu. Kiwanda ni neno kubwa. Vilikuwa vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma: cha kwanza cha kupokelea maziwa ya wafugaji, cha pili cha moto, ambamo maziwa yalichemshwa kwenye masufuria mawili makubwa, na cha tatu, chenye dirisha moja dogo, ndicho chumba cha mtindi. Mimi sikuwa hata ndani. Nilikuwa na banda langu nje kwa nyuma, sakafu ya saruji iliyopasuka, bomba la maji yatokayo msituni, maji ambayo asubuhi yalikuwa yanauma vidole mpaka unasahau una vidole. Wanawake wa chumba cha moto walikuwa wananitania kila siku, wakiniita mgosi, yaani mwanamume kwa Kisambaa. "Mgosi, ukimaliza keni njoo utuoshee na sufuria, halafu tukutafutie mume." Nilikuwa nawajibu kwamba wakimpata mume wamwambie aje na ng'ombe, maana Mbugu haolewi kwa mbuzi. Lakini iliniuma. Nilikuwa kijana wa watu wa ng'ombe, nimekua nikinywa maziwa kwenye kibuyu, na sasa nilikuwa mwosha vyombo.

Mama Agnesi ndiye aliyekuwa na chumba cha mtindi. Mjane, wa miaka kama arobaini hivi, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko ya mwanamume, na sauti ya chini ambayo ilikufanya unyamaze ili uisikie. Alikaa kwenye chumba kidogo kilichoshikana na kiwanda, yeye na binti zake wawili, bure, kwa sababu ya kazi ile. Kila jioni maziwa yaliyochemshwa yakipoa mpaka kidole kivumilie, yalimiminwa kwenye keni zangu, yeye anatia mbegu, yaani mtindi wa jana, kikombe kwa keni, anafunika, anazungushia mablanketi ya zamani, anafunga mlango. Asubuhi anafungua. Mtindi wake ulikuwa unakatika kwa kijiko kama ini. Ulishuka mpaka Mombo na Korogwe, na watu walikuwa hawasemi mtindi wa kiwanda, walikuwa wanasema mtindi wa Agnesi. Saa nne tulikula pamoja chumba cha moto, makande na parachichi, chai ya rangi, na yeye alikuwa anakaa karibu na mlango ili asikie kama kuna mtu ameshika kitasa chake.

Aliniagiza jambo moja siku ya kwanza: sabuni, brashi, halafu kusuuza kwa maji ya moto mpaka maji yanayotoka hayana hata chozi la sabuni. Nikafanya hivyo miezi mingi. Sabuni tuliyopewa ilikuwa ya mche, ya rangi ya kahawia, na ilikuwa inanuka kama taa ya mafuta. Mimi pua yangu ni pua ya maziwa. Niliona ile harufu inakaa kwenye keni hata usuuze vipi, na nikasema moyoni, hawa watu hawajui maziwa. Kwetu kulikuwa na mshai, mti ule unaotandaza matawi juu ya kahawa kama dari. Gome lake ukiliponda ukalikoroga kwenye maji linatoa povu jeupe, jingi, na halina harufu mbaya. Sabuni ikikosekana madukani, na ilikuwa inakosekana, ndilo tulilofulia nguo zetu. Basi masika yalipoanza nikaleta gome kwenye gunia, nikaanza kuoshea keni. Miche ya sabuni nikaipanga nyuma ya rafu ya banda, sikuiba hata mmoja. Keni zilitoka zinang'aa. Meneja, Bwana Hemedi, mtu wa mashati ya mikono mirefu na kalamu mbili mfukoni, alipita akajitazama kwenye ubavu wa keni akasema, "Huyu kijana ana mkono." Nami nilikuwa nasuuza kwa maji ya moto kama nilivyoagizwa, na wiki zile mtindi ulitoka mzito kuliko kawaida, mpaka Mama Agnesi akasema ni nyasi changa za masika. Nikanyamaza na siri yangu, nikajiona fundi.

Kosa langu lilikuja baadaye, na ni kosa ambalo asiyekulia kwenye vibuyu asingelifanya. Kuni zililowa. Kuchemsha maji ya kusuuzia kukawa kazi ya kupuliza na kukohoa, na wale wa chumba cha moto hawakutaka kunipa nafasi mekoni. Nikakumbuka kibuyu. Kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Unakichokonoa ndani kwa kijinga cha moto, unakifukiza, na ule moshi hauuoshi. Unauacha humo. Moshi ndio ulinzi, maziwa yanakaa siku nyingi na yanapata ladha. Nikajiuliza, kama moshi unaachwa, kwa nini povu la mti safi, la mti wetu, lisiachwe nalo? Litalinda keni usiku kucha. Basi nikaanza kuoshea kwa povu zito, nakung'uta, naacha utando wake ukaukie ndani, sisuuzi. Nilifurahi na akili yangu. Wala sikumwambia mtu, maana nilitaka siku moja waniulize siri ni nini ndipo niseme.

Baada ya siku chache mtindi ukakataa. Mama Agnesi alifungua keni ya kwanza asubuhi, akatia kijiko, kikazama. Maziwa yalikuwa maji kama jana jioni. Akafungua ya pili, vivyo hivyo. Akaongeza mbegu ya akiba aliyokuwa ameihifadhi kwenye chupa, akazungushia mablanketi tena, na siku ya pili yakaanza kunuka, si ule uchachu mzuri, ni uchungu na harufu ya kitu kilichokufa chini ya kabati. Tukamwaga. Kesho yake tukamwaga tena. Nguruwe wa jirani mmoja Mkristo walikula mpaka wakachagua. Kwenye chumba cha moto maneno yakaanza, na mimi nilikuwa dirishani nayasikia. Mmoja anasema Agnesi amechoka, hanawi mikono. Mwingine anasema si mikono, ni mtu amemtazama vibaya. Wa tatu, aliyekuwa amekula naye makande mwaka mzima, akasema pole pole, "Au yeye ndiye mwenye mkono wenyewe. Mume alikufa, ndama wake walikufa, sasa mtindi." Wakanyamaza alipoingia kuchukua chai.

Bwana Hemedi akaita mtaalamu kutoka Tanga. Alikuja Jumatatu, dada mmoja mwembamba anaitwa Neema, na sanduku la chupa, na koti jeupe lililokuwa jepesi mno kwa baridi yetu. Akazunguka kila chumba, akauliza kila mtu. Alipofika bandani kwangu akaniuliza keni naosha na nini. "Sabuni, Mtaalamu." Unasuuza? "Maji ya moto." Bwana Hemedi akadakia, usihangaike na huyo, keni zake unaweza kunyolea ndevu. Dada Neema akaandika. Jioni ile akachukua maziwa yale yale, mbegu ile ile ya Mama Agnesi, akatia kwenye chupa zake alizozichemsha mwenyewe, akaziweka karibu na meko. Jumanne asubuhi chupa zote ziliganda vizuri, na keni zote zilikuwa maji. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikatazama chupa, nikatazama keni, na pale pale nikajua. Maziwa mazima, mbegu nzima, na tofauti ni chombo. Lakini Bwana Hemedi hakuona chombo, aliona mkono. "Kumbe maziwa hayana kosa," akasema, "mbegu haina kosa, keni zinang'aa. Amebaki nani?" Dada Neema akasema asubiri kwanza, hajamaliza kupima. Meneja akasema yeye amemaliza. Mama Agnesi akatolewa chumba cha mtindi siku ile ile, akaambiwa Jumamosi aondoke yeye na watoto na vitu, na binti mmoja wa ofisini akapewa ufunguo, aanze kutia mbegu Jumatano jioni.

Sasa nitasema jambo ambalo wajukuu hawalijui. Mimi sikusema. Nilijiambia nitalirekebisha kimya kimya, mambo yatarudi sawa, meneja ataona amekosea, Mama Agnesi atarudishwa, hakuna atakayeaibika. Jumatano nikachoma kuni zangu mwenyewe, nikasuuza kila keni kwa maji ya moto mpaka ngozi ikachubuka. Nilifanya kazi siku ile kuliko siku yoyote. Alhamisi asubuhi yule binti wa ofisini, ambaye hakujua hata kikombe kinatiwa saa ngapi, akafungua keni, na mtindi ukawa umesimama. Chumba cha moto chote kikapiga kelele. Bwana Hemedi akaitisha watu, akainua kijiko juu. "Mmeona? Siku moja tu mkono wake haupo." Na yule wa tatu, wa ndama, akasema, "Si nilisema?" Mama Agnesi alikuwa uani anakunja mablanketi yake. Alisikia kila neno. Hakuja kujitetea, na angejitetea na nini? Mtindi ulishasema, na mimi ndiye niliyeusemesha. Nilidhani ninamwokoa, kumbe nimemletea ushahidi. Angeondoka pale bila kazi, bila chumba, na kuanzia Magamba mpaka Rangwi hakuna ambaye angenunua hata andazi lililoshikwa na mkono wake.

Watu wananiuliza siku hizi, vijana wa mafunzo wanaokuja kutazama duka langu, nilijifunza wapi habari za bakteria. Wanatarajia nitaje chuo. Nawaambia nilianza kujifunza Alhamisi moja, nikiwa nimeketi juu ya keni iliyopinduliwa, sili. Nilipiga hesabu ya maneno, nitaanzaje, nitaishiaje, na kila nikianza nilijiona mimi, fundi wa povu, mbele ya wale wanawake. Kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko akili. Bado nina kiburi, sikatai, lakini leo nakijua kwa uso.

Ijumaa asubuhi nilichukua gunia la gome la mshai, na miche ya sabuni yote, nikaingia nayo chumba cha moto wakati wa chai. Nikaviweka mezani katikati ya vikombe. "Keni nimeziosha kwa hili tangu masika. Mwanzo nilisuuza. Halafu nikaacha kusuuza, nikaacha povu likaukie ndani. Jumatano ndiyo nikasuuza tena. Mkono wa Mama Agnesi haumo." Mmoja akaweka kikombe chini, "We Saidi, umerogwa?" Bwana Hemedi alianza kuihesabu miche ya sabuni kama vile ndiyo habari yenyewe. Akasema naongopa ili kumtetea mwanamke, watu wa kabila langu wanapenda kujifanya mashujaa. Dada Neema ndiye aliyesogea. Akavunja kipande cha gome, akakinusa, akasema, "Usigombane naye, Meneja. Tupime."

Akaponda gome, akaloweka, akachuja, akapata maji ya povu. Akapanga bilauri saba mezani, zote kachemsha, zote katia maziwa yale yale na mbegu ile ile. Ya kwanza hakutia povu. Ya pili tone moja. Ya tatu zaidi, na kuendelea, mpaka ya saba ambayo ilikuwa na povu kama nilivyokuwa naliacha kwenye keni. Akamwita Mama Agnesi aje atie mbegu kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wote. Mama Agnesi akanawa, akatia, akatoka bila kunitazama. Chumba kikafungwa, ufunguo akakaa nao Dada Neema.

Jumamosi asubuhi hakuna aliyechelewa kazini. Ya kwanza iliganda. Ya pili, ile ya tone moja, iliganda kuliko ya kwanza, nzito, kijiko kilisimama. Ya tatu na ya nne zilikuwa legelege. Kuanzia ya tano ni maziwa, na ya saba ilikuwa na ile harufu tayari. Dada Neema akaeleza, na nimeyashika maneno yake mpaka leo ingawa nayasema kwa lugha yangu. Povu la mmea kazi yake ni kukamata mafuta, ndiyo maana linatakatisha nguo. Sasa bakteria naye amefungwa na utando, na utando huo una mafuta ndani yake. Povu likiwa jingi linautoboa, anavuja, anakufa. Wanaogandisha mtindi hawana koti la nje, hao ndio wanaopigwa kwanza. Wengi wanaoozesha wana koti juu ya utando, povu linawapita. Kwa hiyo nilikuwa naua wenye nyumba na kuwaachia wezi mlango wazi. Nikamwuliza, na ile ya tone moja? Akainua mabega. Akasema kidogo mno wakati mwingine hakidhuru, kinawachangamsha, labda kinawasaidia kupata chakula, hana hakika, angependa kupima tena. Nilipenda jinsi alivyosema hana hakika. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu wa ofisi akisema hivyo. Lile swali la bilauri ya pili ndilo lililonipeleka baadaye kununua chupa zangu na kujaribu mwenyewe, gome hili na lile, miaka na miaka, na duka langu limesimama juu yake. Lakini hiyo ni sifa, na siku ile haikuwa siku ya sifa.

Bwana Hemedi akamrudishia Mama Agnesi ufunguo bila kusema samahani, alisema tu, "Endelea." Halafu akanigeukia. "Jumamosi kuna mtu alikuwa aondoke. Basi uondoke wewe." Nilitegemea Mama Agnesi aseme neno. Alikuwa anafungua mlango wa chumba chake, akaingia. Nikachukua koti langu bandani, nikashika njia ya kushuka.

Nilikuwa nimefika kwenye kona ya misindano nikasikia mtu anahema nyuma. Ni yeye, kanga mabegani, mikono ina maziwa. Nikasimama. Nilidhani amekuja kunishukuru, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaandaa jibu.

"Jumanne ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ulipoziona zile chupa."

"Ndiyo."

"Na Alhamisi walipokuwa wananiita vile, ulikuwa wapi?"

"Bandani. Nilisikia."

Akafuta mikono kwenye kanga. Hakuwa amekasirika kwa sauti, alikuwa na ile sauti yake ya chini. "Nina swali moja, Saidi, halafu uende zako. Kama yule binti wa ofisini angeuharibu mtindi Alhamisi. Kama mtindi ungekataa kuganda hata kwake, wakaona si mkono wangu, wakanirudisha kazini bila wewe kusema kitu. Ungesema?"

Nilikuwa kijana, nilijua jibu analostahili. Nilifungua mdomo kulitoa. Likakataa kutoka.

"Sijui, mama."

Nyuma yake moshi wa chumba cha moto ulikuwa unapanda juu ya mabati.

"Haya," akasema. "Hilo angalau si uongo. Nenda, maziwa yangu yako motoni."

Akapandisha kilima haraka, mikono imening'inia, na hakugeuka. Nina umri wa kutosha sasa, na watoto, na watu ninaowalipa mshahara, na wengi wangetaka niandike hapa kwamba ningesema. Mpaka juzi nikitupa udongo wangu nilikuwa bado sijui.